Betri ya lithiamu yaweza kuunguza altaneta ya matatu

MWENYE matatu wa Lucky Summer anayepania kung'oa betri kuukuu ya muziki na kuweka ya lithiamu, kisha aiunganishe moja kwa moja na injini, anahatarisha altaneta yake.

Betri ya kawaida, ya risasi na asidi, hupunguza umeme inaopokea kadiri inavyojaa. Ya lithiamu haina haya. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, hivyo hufyonza karibu umeme wote unaozalishwa hadi ikaribie kujaa. Hatari huzidi gari likikwama kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, kwani injini huzunguka polepole na feni ya altaneta haipulizi hewa ya kutosha. Nyaya za shaba huungua.

Aidha, kidhibiti kilichomo ndani ya betri hiyo chaweza kukata umeme ghafla, volti zikapanda na kuua diodi za altaneta.

Dawa ni chaja maalumu baina ya betri ya injini na ile ya muziki, inayoweka kikomo, tuseme ampea 30. Onyo la kutochaji chini ya nyuzi 0 halimhusu mkazi wa Nairobi. Fundi akidai waya mnene watosha, mwulize joto la altaneta litadhibitiwa na nini.