Sikiliza filme, usisome tu maandishi ya chini

Leo tuongee kidogo juu ya filme. Mimi si mtaalamu wa sinema. Ninaangalia kama wengine wote: jioni, umeme ukiwepo, ku simu ao ku komputa, pamoja na watoto wenye kuuliza kila kitu. Lakini kuna jambo moja ninalolifuata siku hizi, na nafikiri sisi wenye kusoma linatuhusu. Ndani ya filme yenye kuongea juu yetu, nani anasema Kiswahili, na anakisema kwa kufanya nini?

Kwa maana Kiswahili kiko mu filme nyingi kuliko tunavyofikiri. Chukua Mufasa, ile yenye ilitoka mwisho wa mwaka 2024. Inchi nzuri yenye wanyama wanaitafuta inaitwa Milele. Yule simba mwenye atakuja kuitwa Scar, jina lake la kwanza ni Taka. Mtu wa Marekani anasikia jina tamu la Afrika. Mtoto wa kwetu anauliza kama kweli mama anaweza kumuita mtoto wake uchafu. Haina ubaya, tunacheka. Kiswahili pale kimewekwa kama marashi, kinanukia vizuri, lakini hakuna mwenye anakitumia kwa kusema shida yake.

Kuna namna ya pili, na ile inaniudhi zaidi. The Siege of Jadotville, filme ya 2016, inaeleza vita vya mwezi wa tisa 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, askari wa Irlande wa Umoja wa Mataifa walipozungukwa siku nyingi mpaka risasi na maji vikawaishia. Vita imepigwa vizuri, sikatae, na wale Wairlande walistahili kukumbukwa. Lakini Jadotville ni Likasi! Ni muji wa watu, wenye kuwa na soko na shule. Walienda kuipiga picha Afrika ya Kusini, na ukiacha Tshombe mwenyewe, unafika mwisho bila kujua mama mmoja wa Likasi alifikiri nini siku ile.

Sasa weka kando yake Makala, ya mfaransa Emmanuel Gras, yenye ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes mu 2017. Kichwa chenyewe ni neno letu: wengine wanasema mkaa, sisi makala. Kijana mmoja anaangusha muti mkubwa, anauchoma chini ya udongo, anapakia mifuko ku kinga mpaka kinga yenyewe haionekane tena, kisha anaisukuma kilometa 50 hivi mpaka Kolwezi. Malori yanampitia karibu, ku barrière wanamwomba kitu, na akifika wanunuzi wanamvunjia bei. Hana maneno mengi. Lakini Kiswahili chake ni kile kile tunachosikia kila siku barabarani, cha kuomba, cha kubembeleza, cha kuhesabu pesa ya mabati. Kwangu mimi ile ndiyo filme bora juu ya Katanga, hata kama inachosha. (Inachosha kweli. Mke wangu alilala mu katikati.)

Augure ya Baloji, mwana wa Lubumbashi, ya 2023, inafanya kitu kingine. Koffi anatoka Ubelgiji na mke wake muzungu mwenye mimba, anakuja kwa wazazi kwa mambo ya mahari. Mbele ya safari anajikumbusha Kiswahili. Anafika, damu inamtoka ku pua juu ya mtoto wa ndugu yake, na papo hapo familia inamuona kuwa mchawi. Kiswahili chote alichojifunza hakimsaidie kitu. Kusema lugha ya watu na kuaminiwa na watu si kitu kimoja, na wenzetu wa diaspora wanajua hiyo vizuri. Zile sehemu za ndoto zilinipita, siwadanganye.

Lakini jambo lenyewe, lenye kuwa na uzito, ni maandishi ya chini. Kwa kawaida yanakuwa mistari 2, na kila mstari karibu herufi 40. Mtu anaongea haraka, anarudilia, anasema “unaona mama”, ananyamaza. Mwenye kutafsiri anapaswa kukata. Kisha kuna maneno yenye hayana mwenzake mu Kifaransa. Mama wa kwetu mwenye aliteswa hataji jambo kwa jina lake. Atasema waliniharibu, walinifanya vibaya. Atasema basoda, na soda mu kinywa chetu anaweza kuwa wa serikali ao mtu yeyote mwenye bunduki na kombati. Ukiandika chini ya picha “soldat”, umekwisha kuchagua nani anashitakiwa.

Na hiyo si mambo ya masomo tu. Mwezi wa tisa 2015, serikali ilikataza filme ya Thierry Michel juu ya daktari Mukwege, L'homme qui répare les femmes. Sababu moja yenye waziri wa mawasiliano alitoa: eti maneno ya wanawake wenye walisema Kimashi na Kiswahili yalitafsiriwa vibaya kusudi jeshi lichafuliwe. Mwezi wenye kufuata, ruhusa ikatoka. Mie naona kukataza kulikuwa kosa. Kama shida ni tafsiri, unaalika watu wa Bukavu wasikilize na waseme. Wa Paris hawawezi kupima, wa Bruxelles pia. Sisi tunaweza, na ni wachache kati yetu wenye walijisumbua.

Ndiyo maana ninawaomba mutafute En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, ya 2020. Ni watu wa Kisangani, wenye kukatwa miguu na mikono mu vita vya siku 6 vya mwezi wa sita 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda wakipigana ndani ya muji wetu. Wanapanda mashua, wanashuka muto mpaka Kinshasa kudai malipo, mvua ikiwanyeshea juu ya mifuko yao. Kiswahili na Kilingala vinapokezana, na wanaongea wenyewe. Hakuna sauti ya mtaalamu yenye kuwaeleza. Mu 2022, Korti ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mabaya yote ya vita yake mu Kongo, na ile ya Kisangani ndani yake. Filme ilikuwa imekwisha kutoka miaka 2 mbele.

Mukiipata, muiangalie mara moja na maandishi, kisha mufunike sehemu ya chini na karatasi, muiangalie tena. Kama kuna mzee wa Kisangani karibu, mumuite.