Bingwa asiyeona haya kusugua choo

Lau ungekuwa na medali mbili za dhahabu za Olimpiki, je, ungekubali kusugua choo kinachotumiwa na wenzako?

Eliud Kipchoge alikubali. Katika kambi ya mazoezi ya Kaptagat, wanariadha hufanya usafi kwa zamu. Zamu yake ilipofika, bingwa huyo wa marathoni ya Olimpiki ya mwaka 2016 na ile iliyokimbiwa 2021 alishika ufagio na ndoo kama wengine.

Lakini unyenyekevu hupimwa hasa siku ya kushindwa. Mjini Paris, Agosti 10, 2024, Kipchoge alikuwa akisaka dhahabu ya tatu, jambo ambalo hakuna mwanamarathoni aliyewahi kulitimiza. Maumivu ya mgongo yalimlemea, akaacha mbio baada ya kilomita 30. Badala ya kujificha, aliwagawia mashabiki waliokuwa kando ya barabara viatu na fulana yake. Dhahabu ilimwendea Tamirat Tola wa Ethiopia.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mzazi, mwanao akirudi amenuna kwa kufungwa mpira, msimulie kisa hiki. Na akirudi na kikombe, mpongeze, kisha mpe ufagio.