Jipi la mazuti lililotumika: soma karatasi zake za kontroli mbele ya kutoa pesa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kisha kazi za jikoni, leo tutasema juu ya magari. Usiulize dispansere inatafuta nini katika mambo ya garaji. Utaona.

Jumapili moja jioni nilikuwa wa zamu. Mama mmoja alifika na watoto watatu. Wote wanne waliumwa kichwa, na mtoto mdogo alikuwa anatapika. Mama akasema: "Munganga, hii ni malaria." Tulipima damu, malaria hakuna. Homa pia hakuna. Walilala, na asubuhi walikuwa wazima. Jumapili iliyofuata walirudi tena, ugonjwa ni uleule. Ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mara ya kwanza: "Mama, Jumapili munakwendaga wapi?" Akajibu kwa furaha kwamba baba amenunua jipi, na sasa wanakwenda Likasi kumwona nkambo wa watoto. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi. Madirisha yanafungwa juu ya vumbi. La dereva tu liko wazi, kwa sababu baba anavuta sigara (jambo hilo tutalisema siku nyingine).

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa saa moja, bila homa, na wakipona wakikaa nje, tafuta moshi. Tulikwenda na fundi mmoja kuangalia gari. Chini ya tapi ya nyuma, kutu ilikuwa imekula bati mpaka unaona barabara. Na bomba la moshi lilikuwa limepasuka karibu na pale pale. Watoto walikuwa wanakaa juu ya moshi.

Gari hilo lilitoka Uingereza. Plaki yake ya zamani ilikuwa bado imetupwa ndani ya kofa. Huko Uingereza, gari likimaliza miaka 3 linapita kontroli kila mwaka, nao wanaiita MOT. Matokeo ya kontroli hizo tangu mwaka 2005, kwa magari ya England, Scotland na Wales, yanaonekana kwenye intaneti ya serikali yao, GOV.UK, bila kulipa kitu. Unaandika namba ya plaki tu. Mtoto wa fundi alifanya hivyo kwa simu, sisi watatu tukisimama nyuma yake.

Yote yalikuwa pale. Miaka miwili mfululizo waliandika: kutu chini ya gari. Mwaka wa tatu: bomba linavuja, gari limekataliwa. Konteri ilikuwa imepita maili 128,000. Kwenye tablo ya baba ilisoma 71,000, na muuzaji alimwambia kwamba hizo ni kilomita! Maili moja ni kilomita 1.6. Piga hesabu mwenyewe: gari lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 200,000. Baba alikaa chini kwenye jiwe. Pesa ile ilikuwa akiba ya miaka sita, na nyingine ni za biashara ya bibi yake.

Basi wewe unayetaka kununua, fanya kazi hii mbele. Ukipata historia ya kontroli, usiangalie neno "limepita" peke yake. Angalia konteri mwaka kwa mwaka. Inapaswa kupanda. Ikishuka, mtu ameishika. Ikikosekana miaka miwili au mitatu, uliza gari lilikuwa wapi: pengine lilisimama tu, pengine lilianguka. Kisha soma maonyo madogo. Onyo moja la freni si kitu, kila gari linamaliza freni. Lakini onyo lilelile likirudi kila mwaka, mwenye gari hakutengeneza, na wewe ndiwe utakayetengeneza. Mpira unaoliwa upande mmoja kila mara unaweza kukuonyesha kwamba kuna kitu kimepinda au kimelegea huko chini.

Gari likitoka Ubelgiji, uliza hati ya Car-Pass. Tangu mwaka 2006 muuzaji wa kule anapaswa kumpa mnunuzi hati hiyo, na ndani yake kilomita zimeandikwa pamoja na tarehe. Likitoka Japani, uliza cheti cha kutoa gari nje ya nchi, na karatasi ya mnada kama ipo. Kwenye karatasi ya mnada, alama R au RA ni ya gari lililopata ajali na kutengenezwa. Gari la namna hiyo linaweza kuwa zuri bado, lakini bei yake si ile ya gari zima. Na katika kila karatasi, namba ya shasi ilingane na ile iliyopigwa kwenye chuma. Ondoa vumbi na kitambaa, soma namba moja moja. Karatasi nzuri ya gari lingine haikusaidii hata kidogo. Kumbuka pia kwamba magari ya Japani na Uingereza yana usukani kuume, na sisi tunatembea kuume: ukitaka kupita kamio la shaba kwenye barabara ya Kolwezi, huoni mbele.

Muuzaji akisema karatasi zimepotea, usimtukane. Mwambie utarudi asubuhi, na asiwashe motere mbele yako. Mazuti inasema ukweli ikiwa baridi. Moshi mweusi mwingi: hewa haitoshi, au enjektere zimechoka. Moshi wa buluu: motere inakula mafuta. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto: pengine maji yanaingia ndani. Magari mapya ya mazuti yana filtre ya kushika masizi. Kuna mafundi wanaoitoa "ili gari lipumue". Huko Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotolewa filtre hiyo linakataliwa kontroli. Gari linapumua, ndiyo, na mtoto wako anapumua kile linachotoa.

Sisemi hivyo kwa kuogopesha watu. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS, lile la Lyon, liliweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wafanyakazi wa migodi ya Marekani, zaidi ya watu 12,000. Wewe unayeshuka chini ya mgodi unakutana na moshi huo kazini. Usiununue tena kwa ajili ya Jumapili.

Baba yule alimtafuta muuzaji, akakuta kiwanja kitupu. Alibadilisha bomba lote, akachomelea bati mpya. Watoto hawakurudi tena kwa kichwa. Lakini pesa za mazuti hazikubaki, na sasa nkambo wa Likasi anakuja mwenyewe kwa basi.