Kubadilisha mchanga wa chini ya bwawa la samaki: kosa langu, na kile lilinifundisha



Wengi wetu tulisoma agronomi, na hapa Kolwezi kazi ya ofisi ni kidogo. Basi mtu anajenga bwawa dogo la beto nyuma ya nyumba, anatia tilapia, anauzisha kwa majirani. Ni kazi nzuri. Lakini kuna siku moja ambayo ni hatari kuliko zingine zote: siku ile unaona chini kumekuwa kweusi, kunanuka, na unataka kutoa kila kitu uweke mchanga mpya. Ninaandika juu ya siku ile sababu mimi niliiharibu.

Baba mdogo wangu anakaa komini ya Manika. Alikuwa na tilapia 180, bwawa lilikuwa na miaka miwili. Aliniita: "We ndiye lisansie, niambie nifanye nini." Nikamwambia tutoe matope yote, tusugue kuta, tutie mchanga safi, tuongeze chokaa kidogo, tujaze maji ya robine. Tulifanya vyote siku moja, samaki wengine wakiwa mle mle ndani, wengine kwenye basini. Jioni samaki walikuwa juu ya maji wanatafuta hewa. Siku ya tatu tukaanza kuokota maiti. Walibaki 31. Ile pesa ilikuwa ya minerval ya mtoto wake. Hakunigombeza. Alisema tu: "Masomo yako ilikufundisha muhindi, haikukufundisha maji."

Sasa tuangalie nini iliua wale samaki. Ni vitu vitatu, si kimoja.

Cha kwanza ni bakteria. Samaki anatoa amonia, na chakula kinachobaki kikioza kinatoa amonia pia. Amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi. Bakteria hao hawaogelei sana ndani ya maji. Wanashikamana na mchanga, mawe, kuta. Sisi tulitoa mchanga na tukasugua kuta siku moja. Tulifukuza wafanyakazi wote, lakini uchafu ukaendelea kuingia. Na klorini ya maji ya robine ikamaliza wale wachache waliobaki. Bakteria wapya wanahitaji karibu wiki 4 mpaka 6 kujipanga tena, na ikiwa ni baridi ya mwezi wa 7 hapa kwetu, wanachelewa zaidi.

Cha pili ni matope yenyewe. Chini kabisa hakuna oksijeni. Kule kunatengenezwa gazi yenye harufu ya yai bovu, sulfidi ya hidrojeni. Ikilala chini haina shida kubwa. Ukiyakoroga samaki wakiwa ndani, gazi inapanda, na matope yanakunywa oksijeni yote ya maji. Njo maana jioni walitafuta hewa.

Cha tatu ni chokaa. Chokaa kali inapandisha pH. Kwa joto la digri 25, maji yakiwa na pH 7, amonia iliyo sumu kali haifiki sehemu 1 juu ya 100. pH ikifika 9, inapita sehemu 30 juu ya 100. Amonia ni ile ile, lakini ukali umebadilika. Mimi nilitia chokaa siku ile ile niliyoua bakteria.

Watu wanaofuga samaki wa bahari ndani ya vioo wanaogopa jambo hili kutupita sisi. Maji ya bahari yana sulfati karibu gramu 2.7 kwa lita, na sulfati ndiyo inazaa ile gazi. Kwa hiyo mchanga wa zamani wa akwarium ya bahari haukorogwi ovyo: unatolewa kipande kwa kipande. Na sisi hapa tusicheke. Viwanda vya shaba vinatumia asidi sulfuriki, na maji yanayotoka kwenye migodi yanaweza kubeba sulfati nyingi pia. Tena ndani ya matope meusi, shaba inashikana na salfa, inatulia. Ukiyafungulia oksijeni, shaba inaweza kuachiliwa, na samaki hawawezi shaba ndani ya maji.

Namna ya kufanya vizuri:

1. Kama unaweza kutoa samaki wote, ngoja mwisho wa mavuno, wakati wa kiangazi. Toa maji, acha chini kukauke mpaka udongo upasuke. Kwa bwawa la udongo lenye asidi, tia chokaa ya shamba kilo 10 mpaka 20 kwa mita mraba 100, kisha jaza maji, ngoja pH itulie mbele ya kurudisha samaki.

2. Kama samaki wanabaki, usitoe zaidi ya theluthi moja ya mchanga kwa mara moja. Ngoja wiki mbili, uangalie samaki, kisha theluthi ya pili. Usisugue kuta wakati huo.

3. Usiwape chakula siku moja kabla, na kidogo tu siku zinazofuata.

4. Toa matope kwa kuyafyonza na mpira, polepole. Usitumie pauro.

5. Maji ya robine yaache wazi siku moja au mbili, klorini itoke. Badilisha robo ya maji, si yote.

6. Hakuna chokaa samaki wakiwa ndani.

7. Bakiza ndoo moja ya mchanga wa zamani wa juu, ule usionuka, uutandaze juu ya mpya. Ni mbegu ya bakteria.

Na mchanga mpya unatoka wapi? Hapa njo shida yetu. Usichukue kwenye marejets ya mgodi, wala mtoni chini ya fasi wanasafisha madini. Usichukue fasi panaota ua la shaba, *Haumaniastrum katangense*: mmea ule unapenda udongo wenye shaba. Na yale mawe mazuri ya kijani watoto wanaleta kupamba bwawa ni malakiti. Ni shaba. Yatoe.

Matope uliyotoa ni mbolea nzuri kwa kawaida. Lakini kama maji yako yanapita karibu na mgodi, usiyaweke kwenye lenga-lenga mbele ya kuyapima.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa baba mdogo na vifaranga 60 vya kununua kwa pesa yangu. Tulibadilisha mchanga kwa mara tatu, kwa mwezi mmoja na nusu. Kila asubuhi alinipigia simu: "Wako chini, wanakula." Hakuna aliyekufa kwa kazi ile.

Kama mmoja wenu ana bwawa linalonuka, asianze leo. Aandike kwanza, tuangalie pamoja.

Tuko pamoja.