Fibrinojeni

Fibrinojeni ni protini ya damu inayotengenezwa na ini na inayosaidia damu kuganda.

Kila molekuli ina minyororo 6 ya asidi amino: alfa 2, beta 2 na gama 2. Minyororo hiyo inashikanishwa na vifungo 29 kati ya atomu za sulfuri. Mtu akijeruhiwa, kimeng'enya cha trombini hukata vipande vidogo vya alfa na beta. Molekuli zilizobaki, ziitwazo fibrini, hushikana na kuwa nyuzi. Kisha faktori XIII huzikaza, zikawa wavu unaonasa chembe za damu.

Virusi vya Marburg huvuruga kazi hiyo. Damu huganda ovyo katika mishipa midogo, fibrinojeni ikatumika kupita kiasi, na ini lililoathiriwa hushindwa kuifidia. Hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya wagonjwa kutokwa na damu.

Mkoani Kagera, mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini Tanzania ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 huko Bukoba Vijijini. Kati ya wagonjwa 9 walifariki 6. Januari 2025 washukiwa waliripotiwa Biharamulo na Muleba, na virusi vikathibitishwa Biharamulo.