Chupa ya Petroli Kwenye Waipa: Pampu ya Mafuta ya Gari la Spoti la Zamani

Tulikuwa katika kizuizi cha kawaida cha ukaguzi, barabara ya Kampala kwenda Masaka, yapata saa tano asubuhi, lilipotufikia gari jekundu lenye pua ndefu na mkia mfupi, likijikokota huku boneti yake imeachama. Lilikuwa Datsun 240Z, gari la spoti la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Boneti ya gari hilo ina bawaba zake mbele, hivyo hufunguka upande wa kioo cha dereva. Katika mwanya huo ulipita mpira mwembamba, na mpira huo ulitoka kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa kamba ya katani katika mkono wa waipa. Ndani ya chupa hamkuwa na soda. Ilikuwa petroli.

"Habari ya safari, mzee?"

"Nzuri, afande. Pampu imekufa. Naomba uniruhusu nifike Masaka tu, fundi wangu yuko huko."

"Na jerikani iliyo kwenye kiti?"

"Ya kujazia chupa. Leo inakunywa sana, sijui kwa nini."

Sikumruhusu. Natambua kwamba wasomaji wengi watamwonea huruma mzee yule, kwani mbinu ya chupa ni ya miaka mingi na imewafikisha watu wengi nyumbani. Mimi mwenyewe, kabla ya kuhamishiwa ofisi ya uhusiano, nilifanya kazi ya ufundi katika karakana ya magari ya polisi, na niliwahi kuiona ikitumiwa na watu waliojua zaidi yangu. Lakini tulisimamishe gari hilo kwanza, kisha tulitazame vizuri.

Injini ya 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kabureta zake mbili ziko upande wa kushoto. Mabomba ya moshi nayo yako upande huo huo, moja kwa moja chini ya kabureta. Tone lolote linalodondoka kutoka kwenye mpira uliolegea huangukia chuma chenye joto la mamia ya digrii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoroki juu kama moshi, bali hutambaa na kutuama mashimoni. Nao huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la adhuhuri ya Masaka.

Lipo jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Pampu ya asili ya gari hilo huendeshwa na injini. Injini ikizimika, pampu nayo husimama, na petroli husimama pamoja nayo. Chupa haijui kama injini imezimika. Gari likigongwa au likipinduka, chupa itaendelea kumimina. Ama kuhusu ile kiu iliyomshangaza mzee, sababu ilikuwa nyepesi: bomba linalogawa mafuta kwa kabureta mbili za 240Z lina tawi dogo la kurudisha ziada kwenye tangi. Sehemu ya petroli yake ilikuwa ikipita tu mbele ya injini na kuteremka taratibu hadi nyuma, kwenye tangi lile lile alilodhani haliwezi kumsaidia.

Tulilisukuma gari hadi kwenye nyasi, mbali na lami, tukaweka pembetatu ya tahadhari. Matawi ya miti tunayoyakata na kuyalaza barabarani ni desturi yetu, lakini usiku hayaonekani mpaka umeyakanyaga. Tulisubiri injini ipoe. Katika kusubiri huko mzee alinieleza kwa nini hawezi kuliuza gari lile. Alikuwa kijana wakati Edgar Herrmann aliposhinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 kwa gari la aina hiyo, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alipokuja kushinda mwaka 1973, kwa 240Z vilevile, baada ya kufungana pointi na Harry Källström. "Hao walipita kwenye matope ya magoti," aliniambia, "nami nashindwa na lami!"

Basi tumweleze msomaji pampu hiyo ilivyo, maana mtu akiielewa hatafuta chupa. Imefungwa upande wa kulia wa kichwa cha injini, mbele. Ndani ya kichwa, mwanzoni mwa kamshafti, kuna kipande cha chuma cha duara ambacho tundu lake haliko katikati. Kila kinapozunguka husukuma mkono wa pampu, na mkono huo huvuta kiwambo cha mpira. Kiwambo kikivutwa, petroli huingia kutoka tangini kupitia kilango kimoja. Mkono ukiachia, springi hukirudisha kiwambo na petroli hutoka kupitia kilango cha pili kwenda kwenye kabureta. Kwa hiyo kinachosukuma ni springi, wala si injini, na ndiyo sababu msukumo wake ni mdogo na wa upole, paundi tatu hadi nne na kitu kwa inchi mraba. Kabureta zikijaa, springi hushindwa kusukuma zaidi na kiwambo hutulia.

Kutokana na hayo, magonjwa ya pampu yanaweza kutabirika. Vilango vikichoka, petroli hurudi tangini usiku na asubuhi utazungusha stata muda mrefu kabla injini haijawaka. Springi ikilegea, gari hutembea vizuri kwenye tambarare na kuishiwa pumzi mlimani. Kiwambo kikipasuka, petroli ama huvuja nje kupitia kitundu cha pampu, ama hupenya ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Huu wa mwisho ndio mbaya kupita yote kwa kuwa hauonekani. Chomoa kijiti cha kupimia oili: kiwango kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza, au kijiti kikinuka petroli, usiwashe injini hiyo hata mara moja. Oili iliyopungua uzito itaziua beringi, na mvuke uliojaa ndani ya injini waweza kulipuka.

Kijiti cha mzee hakikunuka. Pampu ilikuwa kavu. Plagi zilikuwa zikitoa cheche, hilo lilikwisha kuthibitishwa na injini iliyokuwa ikiwaka kwa mafuta ya chupa. Lakini chujio la plastiki angavu lililo kabla ya pampu lilikuwa na petroli robo tu, na tulipozungusha stata mapovu yalipita ndani yake kama ya maji yanayoanza kuchemka.

Hapo ndipo mafundi wengi hununua pampu mpya. Sisi tulifanya jaribio ambalo lilitugharimu mpira wa mita moja. Tuliondoa ule waya mdogo wa koili ili plagi zisitoe cheche, tukawasogeza watazamaji, tukamwomba kijana mmoja azime sigara yake, na askari mwenzangu akasimama na kizimamoto cha unga mkononi. Kisha tuliuchomoa mpira unaoingia kwenye pampu, tukauziba, na mahali pake tukaweka mpira mzima uliozama katika jerikani safi iliyowekwa chini, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa. Mpira unaotoka kwenye pampu tuliuelekeza katika chupa ya kioo. Stata ilipozunguka, petroli ilitoka kwa mapigo mazito, sawasawa, bila povu. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa nyuma yake.

Tuliufuata mstari wa mafuta hadi chini ya tangi. Pale mpira unapoungana na bomba la chuma tuliukunja kidogo kwa kidole, ukafunua nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Hapakuwa na tone wala harufu, na jambo hili huwadanganya wengi. Mpira ulio kati ya tangi na pampu hufyonzwa, hausukumwi. Ukipasuka hauvujishi petroli nje wakati wa safari, bali huingiza hewa ndani. Ukavu wake si ushahidi wa uzima. Kijana wa boda boda alitumwa mjini kuleta mpira wa petroli na klipu mbili. Nasema mpira wa petroli, ule ulioandikwa hivyo ubavuni, kwani mpira wa maji hulainika na kuoza kwa muda mfupi. Mpira huo na nauli ya boda boda vilikuwa gharama yote ya matengenezo ya siku ile.

Mpira usingekuwa na kosa, tungeendelea na mengine mawili. La kwanza ni kufungua kifuniko cha tangi na kusikiliza: hewa ikiingia kwa mluzi, njia ya kupumulia ya tangi imeziba na pampu imekuwa ikishindana na utupu. La pili ni kutu. Gari lililokaa miaka bila kutembea huwa na tangi lililojaa vumbi jekundu, na chujio jipya litaziba tena baada ya kilomita chache hadi tangi lenyewe lisafishwe. Na yeyote anayetaka kuondoa petroli tangini asiinyonye kwa mdomo. Funda moja likipotea njia likaingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali, au kumwua. Pampu ndogo ya mkono inauzwa kila mahali.

Tulipokuwa tukirudisha vifaa kwenye buti nililiona boksi ambalo lilinitia hofu kuliko ile chupa. Ndani yake mlikuwa na pampu ya umeme, mpya, ambayo mzee aliuziwa mjini ili fundi wake aifunge siku hiyo. Muuzaji alimwambia kuwa ina nguvu. Ni kweli ilikuwa na nguvu: ilitengenezwa kwa ajili ya magari yanayodunga mafuta kwa nozeli, ambayo huhitaji paundi 36, 45 au zaidi. Kabureta ya 240Z huzuia petroli kwa sindano ndogo inayoinuliwa na boya. Boya hilo lina uwezo wa kushindana na paundi nne. Lipe paundi 40, sindano itasukumwa chini, kabureta itafurika, na petroli itamwagika juu ya yale mabomba ya moshi tuliyokwisha kuyataja.

Sisemi kwamba pampu ya umeme ni haramu. Mrithi wa gari hilo, 260Z, alikuwa nayo nyuma ikisaidiana na ile ya mbele. Anayetaka kuifunga achague ya kabureta, yenye msukumo mdogo, aiweke nyuma karibu na tangi na chini ya usawa wake, kwa kuwa pampu za namna hiyo hujua kusukuma kuliko kuvuta. Umeme wake upitie fyuzi na rilei. Na kuwe na swichi ya kuukata gari linapogongwa au injini inapozimika. Bila swichi hiyo, gari lililopinduka huku ufunguo umewashwa huendelea kumwaga petroli juu ya watu waliobanwa ndani, na sisi tunaofika kuwatoa hatuoni bomba linakotoka.

Kuna lawama moja ambayo pampu hubebeshwa bila kosa. Katika foleni ya mchana, au kwenye miinuko ya kwenda Kabale, petroli iliyo ndani ya bomba huweza kuchemka kabla haijafika kwenye pampu, na pampu hubaki ikivuta mvuke. Mwinuko hushusha kiwango cha kuchemka, na kule kufyonza kwenyewe hukishusha zaidi. Dalili yake ni kwamba gari hufa likiwa na joto na kufufuka baada ya nusu saa ya kivuli. Wapo wanaobana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba. Sijawahi kuona vikiponya gari. Kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu husaidia kwa safari hiyo. Kwa kudumu, hakikisha kile kipande kinene cha kuzuia joto kati ya pampu na kichwa cha injini kipo na gasketi zake mbili, maana mafundi wenye haraka hukitupa. Kikikosekana, pampu hupata joto la injini na mkono wake husukumwa kupita kipimo hata ukavunjika.

Kwa atakayeibadilisha pampu yenyewe: izungushe injini kwa mkono mpaka mkono wa pampu uwe hausukumwi, ndipo ufungue boliti; hutapambana na springi wala kupinda gasketi. Kaza pande zote mbili kidogo kidogo. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa pamoja, hata ile inayoonekana mizima, kwa kuwa ina umri mmoja. Washa, acha injini ingurume dakika ishirini boneti ikiwa wazi, na upitishe tochi kila kiungo. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, nusa tena kijiti cha oili.

Mzee aliondoka saa tisa alasiri, boneti imefungwa, pampu ya umeme ikiwa kwenye boksi lake ili airudishe dukani. Ile chupa alituachia. Ikitokea moto katika gari lako, zima ufunguo, toa watu wote, usimwage maji juu ya petroli inayowaka wala usiinue boneti yote kwa pupa. Tumia unga au mchanga, na upige 999 au 112. Simu hizo ni za polisi, na kikosi cha zimamoto nchini Uganda ni sehemu ya polisi.