Kielekezi cha Rundo katika Kompyuta

Matenga ya samaki yapakiwapo garini huko Kimbiji, moja juu ya jingine, tenga la mwisho kupandishwa ndilo la kwanza kushushwa sokoni Feri. Kompyuta nayo hutenga sehemu ya kumbukumbu yake kwa utaratibu huo, na sehemu hiyo twaweza kuiita rundo. Alan Turing, katika mpango wa mashine ya ACE aliouwasilisha huko Uingereza mwaka 1946, alizipa amri za kazi hii majina yenye maana ya kuzika na kufukua.

Hata hivyo, mfano wa matenga una upungufu. Ndani ya kompyuta hakuna kinachopandishwa wala kushushwa. Kinachobadilika ni namba moja tu, iliyomo katika rejista iitwayo kielekezi cha rundo, nayo hutaja anwani ya kitu kilicho juu kabisa.

Hebu tutazame mikroprosesa ya Intel 8080, iliyotoka mwaka 1974 (mwaka ule ule Serikali yetu ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini). Tuseme kielekezi kinataja 9000, na kwenye anwani 4000 pana amri ya kuita programu ndogo. Amri hiyo huchukua nafasi tatu. Hivyo, kazi ikiisha, mashine yapaswa kurudi 4003. Kabla ya kuondoka, mashine hupunguza kielekezi hadi 8998 na kuandika 4003 katika nafasi mbili zilizopatikana. Yaani, rundo hili hukua kwa kuteremka! Amri ya kurudi husoma namba hiyo, huifuata, na kukirudisha kielekezi 9000. Ile 4003 haikufutwa. Ipo pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Sasa tuseme programu ndogo imeweka rundoni hesabu 17 kwa amri ya PUSH, isiitoe kwa POP. Kielekezi kimebaki 8996. Ikiamriwa kurudi, mashine haiulizi kama 17 ni anwani au ni idadi ya matenga. Huenda 17 na kutekeleza chochote ikikutacho huko. Vivyo hivyo, rundo likiteremka mno huandika juu ya data, au juu ya programu yenyewe, kwani 8080 haina ukuta wa kulizuia. Ndiyo maana mwandishi wa programu hupanga mwenyewe rundo lianzie wapi, kabla ya amri yoyote ya kuita, na kila PUSH huitafutia POP yake.